Siku Kumi na Moja Nilizokunyima

Ujiji, alasiri ya siku ya mwisho kabla ya safari yako

Mwanangu Zuhura,

Umelala. Mama yako amekugeuza ubavu wa kushoto, ameweka mto katikati ya magoti yako, kisha amekwenda soko la Mwanga kununua begi jingine kwa sababu zipu ya lile la zamani imekataa kufunga. Nina saa mbili za kuandika bila mtu kuniuliza ninaandika nini.

Habari za sweta, dawa, pasipoti na namna ya kumwita muuguzi amekwisha kukuambia yeye, na mtakuwa pamoja huko India. Mimi sirudii. Nina jambo moja ambalo yeye halijui na wewe hulijui. Jumapili nilijaribu kulisema kwa mdomo. Jana nikajaribu tena, tukiwa tunakula, ukanicheka kwa kuwa nilishika tonge hadi likapoa mkononi. Nikashindwa. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na barua hii mama yako ataitia kwenye mkoba wake bila kuifungua, akupe mkifika. Ameapa.

Zuhura, nilikuonea wivu, na kwa wivu huo nilikaribia kukukosesha safari hii.

Huo wivu wenyewe haukuanza mwaka huu. Unajua nilianguka, kila mtu Ujiji anajua. Husema: Hamisi alikuwa mkwezi hodari wa michikichi kule Ilagala, kamba ikakatika akiwa juu, akavunjika uti wa mgongo. Lakini hakuna aliyekuambia kwamba ulianza kutembea mwezi uleule niliolazwa nyumbani. Kitanda changu kilikuwa chumba cha mbele kwa bibi yako. Hukuwa umetimiza mwaka. Ulikuwa unatambaa hadi kitandani kwangu, unashika ukingo, unasimama, magoti yanatetemeka. Siku moja uliachia mikono ukaenda hatua tatu mpaka kwa mama yako. Wakapiga vigelegele. Bibi akalia kwa furaha. Mimi niligeuza uso ukutani, kwa maana shingo ilikuwa bado inanitii.

Nikasema moyoni: huyu amechukua miguu yangu.

Mtu mzima, baba, namwambia hivyo mtoto mchanga. Ulipozidi kuzunguka chumbani nilimwambia mama yako, "Mtoe huyu, ananisumbua." Alidhani ni maumivu. Aliniletea kidonge. Hata leo anadhani ni maumivu.

Ulikua, na mimi nikajifunza cherehani ya mkono kwa kuwa ya mguu isingenifaa. Watu wakaanza kuniita fundi. Unakumbuka kile kibanda cha Mwanga, karibu na wauza dagaa, ulikuwa unapita hapo ukitoka shule. Nilishona magauni, nilishona sare, lakini zaidi suruali. Mteja anasimama mbele yangu, ninampima kiunoni hadi kwenye kifundo, yeye anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule bila hata kufikiri. Nilikuwa nawachukia kwa muda mfupi, mmoja mmoja, kisha nawashonea vizuri. Hakuna aliyewahi kurudisha suruali yangu.

Neno la tiba hii unayoiendea, seli shina, lilifika Kigoma kabla ya tiba yenyewe. Alikuja kibandani mtu amevaa tai, amebeba chupa kwenye mfuko.

"Mzee, hizi ni seli shina za tufaha. Zinaamsha mwili uliokufa."

"Tufaha litaujuaje mgongo wangu?"

"Sayansi, mzee."

Nilinunua. Nikazificha chini ya vitambaa, nikawa ninakunywa asubuhi na jioni, miezi, nikingoja mguu uamke. Ulikuwa kidato cha tatu ulipoiona chupa moja. Ukasoma maandishi yake yote, mpaka yale madogo ya chini, ukasema, "Baba, hii ni juisi ya unga." Nilikufokea. Nilikuambia shule inakufundisha kiburi. Ulikuwa na haki, na nimechukua miaka yote hii kukuambia ulikuwa na haki. Samahani kwa hilo dogo. Kubwa linakuja.

Ziwa lilipopanda na maji yakaingia mitaa ya chini, wewe ulikuwa mwalimu tayari, mwaka wako wa kwanza kazini. Yaliyotokea asubuhi ile unayajua. Mimi nilikuwa juu barabarani kwenye kiti changu cha magurudumu, wewe umetoka na godoro la mwisho kichwani, nikakuita, "Zuhura, cherehani!" Ukasema ukuta umelowa. Nikasema ipo karibu tu na mlango. Ukarudi ndani, ukuta ukakuangukia. Umenikataza kuizungumzia siku hiyo. Kule hospitali, hata shingo huwezi kuinua, uliniambia, "Baba, hata mimi niliitaka ile cherehani." Basi nimekutii, naishia hapo.

Ninachotaka ujue ni kilichofuata, uliporudi nyumbani ukiwa na kiti chako. Mwanangu, nilifurahi.

Si kwamba uliumia. Mungu anajua nililia mpaka mwenye nyumba hii mpya tuliyopanga akaja kuniuliza kama kuna msiba. Lakini miaka yote ile nilikuwa peke yangu. Mama yako ni mwema, lakini hajui mtu anavyojisikia akiiona miguu yake mwenyewe kama mizigo ya mtu mwingine. Wewe ukajua. Nikakufundisha kuhama kutoka kitandani hadi kitini kwa nguvu za mikono. Nikakufundisha kujikagua makalio kwa kioo kila asubuhi kabla kidonda hakijaanza. Nikakufundisha habari za mpira wa mkojo, jambo ambalo baba hamfundishi binti yake, nikatazama ukutani nikikueleza, nawe ukatazama ukutani ukinisikiliza, kisha tukacheka. Tulikuwa tunakaa barazani viti viwili sambamba, miguu yetu ikishtuka na kurukaruka yenyewe, ukisema, "Baba, leo ya kwako inacheza vizuri kuliko yangu." Mama yako akapita na ndoo akasema, "Nyie wawili mna lugha yenu siku hizi."

Nilijivuna aliposema hivyo. Nimepata mwenzangu, nikajiambia.

Hata hivyo nilikuonea wivu hata ukiwa kitini. Kila jioni mama yako anakusugua nyayo kwa mawese ya uvuguvugu, kidole kwa kidole, akizungumza nawe. Mikono ile mimi naijua. Alinisugua hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Wa tatu alikuwa na shamba, mtoto na maji ya kuchota, na miguu yangu haikuwa imejibu. Aliacha, wala sikumlaumu. Lakini nilipokuwa nikiisikia harufu ya mawese yale kutoka chumba cha pili nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Sasa nifike kwa Daktari Anitha. Siku alipokuja nyumbani nilikuwepo, unakumbuka alivyokaa kwenye kigoda akaeleza taratibu. Kwamba huko India wanachukua uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga. Kwamba ndani yake kuna seli changa ambazo bado hazijapangiwa kazi, ndizo seli shina, wanazitenga, wanazikuza maabara wiki kadhaa hadi ziwe nyingi, halafu wanazirudisha kwa sindano kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Ukamuuliza kama mwalimu, "Kwa hiyo ni dawa ya kutoka mwilini mwangu mwenyewe?" Akasema, "Ndiyo, lakini usiiite dawa bado. Ni utafiti. Wapo waliopata hisia kidogo. Wapo walioweza kujua mkojo unakuja. Wapo ambao hawakupata kitu. Siwezi kukuahidi kutembea, Zuhura, na anayekuahidi mkimbie."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Mzee Hamisi, jeraha lako ni la siku nyingi. Kovu limekomaa mle ndani. Utafiti huu unachukua walioumia chini ya mwaka mmoja."

"Nilipokuwa chini ya mwaka mmoja, huo utafiti ulikuwa wapi?"

Aliinama. "Kwako haukufika, mzee."

Wewe ukanishika mkono. Sikuutaka mkono wako wakati ule. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeumia kwa wakati unaofaa.

Simu yako ilizama na nyumba, kwa hiyo ukaandika namba yangu kwenye fomu. Miezi ikapita kimya. Kisha Jumanne moja niko kibandani, nimetandika kitambaa cha kaki, simu ikalia, Daktari Anitha.

"Mzee, wamemkubali!" Alikuwa anapiga kelele kama mtoto. "Lakini wanataka ridhaa yake mwenyewe na vipimo vipya vya damu haraka. Mwaka wake unakaribia kutimia. Mwambie leo."

Nikasema, "Alhamdulillahi. Nitamwambia."

Nikakata simu, nikaendelea kukata kitambaa. Jioni ukaniuliza kama ulivyokuwa ukiniuliza kila jioni, "Baba, daktari hajapiga?"

"Bado, mama."

Umesoma vizuri. Nilisema bado. Nikasema tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya sita daktari akapiga mwenyewe.

"Mzee, kimya?"

"Anafikiria."

"Anafikiria nini?"

"Anaogopa."

Nilikuvisha woga wangu, Zuhura, wewe uliyerudi ndani ya nyumba ile ukijua ukuta umelowa. Kati ya yote, hilo neno moja ndilo linaloniamsha.

Utauliza nilikuwa nikiwaza nini. Wivu haukunijia ukijitaja jina. Ulinijia kama huruma. Uliniambia: mlinde mtoto, atakwenda mbali achomwe sindano bure arudi amevunjika moyo, wewe unajua matumaini yanavyouma, wewe ulikunywa tufaha. Maneno mazuri, ya baba mwema. Lakini chini yake kulikuwa na jingine, nalo lilikuwa linasema: akiinuka, nitabaki barazani na kiti kimoja. Na chini ya hilo lipo la mwisho kabisa, nalo ni kwamba sikutaka uwe na kile ambacho mimi sikupewa. Nimelitazama sana. Silioni likibadilika.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Nimerudi kutoka msikitini, umekaa barazani na daftari mapajani. Ukasema, "Baba, nimeacha kumsubiri daktari. Nimemwandikia mwalimu mkuu kuwa nitarudi kufundisha, wanitafutie darasa lisilo na ngazi. Nimejiambia, kwani baba aliwezaje? Nataka kuwa kama wewe."

Ulisema ukitabasamu, na macho yako yalikuwa makavu. Yalikuwa ndiyo maneno niliyoyataka. Tangu umekaa kwenye kile kiti nilikuwa nayangoja. Lakini huyo baba uliyetaka kuwa kama yeye hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa ameficha jibu lako mfukoni.

Nilisema naenda kununua vocha. Nikasukuma kiti hadi pembeni ya duka, nikampigia daktari.

"Anakubali," nikasema. "Zuhura anakubali. Anaweza kutoa damu leo."

Kisha akasema, "Mzee, nimewaandikia asubuhi hii kwamba amekataa."

Akasema atajaribu kuwapigia, nisiwe na matumaini makubwa, huenda nafasi imekwisha kwenda kwa mtu mwingine.

Siku mbili zilizofuata mlinikuta sili, mkasema ni malaria, mama yako akanipeleka kupima. Malaria haikuonekana. Nataka nikuambie ukweli wa siku hizo mbili, kwa sababu nikikuficha huo basi barua yote ni bure. Siku ya kwanza niliomba nafasi yako ikataliwe. Nilitaka iwe imekataliwa na Mungu ili isiwe imekataliwa na mimi, nami niishi na wewe barazani kwa amani. Siku ya pili ulinipikia uji, ukaubeba mapajani ukisukuma kiti kwa mkono mmoja, ukakumwagikia mapajani. Ulikuwa wa moto. Hukujua mpaka ulipotazama chini na kuona ngozi imekuwa nyekundu. Ukasema, "Aa, baba, tazama, hata sijasikia," kama mtu anayeshangaa mvua. Ndipo nilipoomba lile jingine, kwamba wakurudishe, na nililiomba kwa sauti, ukadhani ninaombea mapaja yako.

Daktari Anitha alikuja mwenyewe, hakupiga simu. Mama yako alikuwa anaanua nguo. Aliposikia kwamba umekubaliwa aliangusha nguo zote chini akarudia lugha ya kwao Kagunga kukuita mwanangu, "Yoo, mwana wanje! Yoo!" akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wewe ukaziba uso kwa viganja. Katikati ya kelele zile daktari akainama karibu yangu.

"Zuhura aliogopa sana, eh?"

"Hakuogopa. Sikumwambia."

Daktari akanitazama. Ana umri wa kuwa mwanangu, lakini nilijisikia mimi ndiye mtoto.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Basi hilo ni lako na lake," akasema, akaenda kukupongeza.

Usiku huohuo, kabla hujalala, uliniita ukanishika kichwa kwa mikono miwili. "Baba, ingewezekana ningekupa wewe nafasi hii." Nikasema, "Usiseme hivyo, mama." Moyoni nikajibu: nipe. Nipe sasa hivi. Ndivyo nilivyo. Nimempigia daktari, nimekiri kwa daktari, na bado nilijibu hivyo moyoni. Na hata sasa ninavyoandika, nikisikia unavyopumua chumba cha pili, ninaionea wivu ile sindano.

Nimeshangaa kugundua kwamba mtu anaweza kuona wivu na bado akafanya linalopasa. Nilidhani lazima kimoja kife kwanza. Niliungoja wivu uondoke ndipo nikuambie, na lau ningeendelea kuungoja ungekuwa hapa hadi mwaka wako utimie. Ilibidi nipige simu nao ukiwa umenikalia begani.

Nakuambia hili kwa sababu na wewe litakukuta. Huko wodini mtakuwa wengi wenye jeraha kama lako, mmechomwa sindano ileile. Wa kitanda cha jirani anaweza kusema anasikia baridi ya sakafu, na wewe husikii kitu. Utamtazama kama nilivyokutazama ulipopiga hatua tatu. Usijione mbaya peke yako, na usijifanye unamhurumia. Mwambie mama yako, "Namwonea wivu yule." Yeye hashtuki upesi. Ukilisema litabaki kuwa wivu tu. Langu lilikaa kimya miaka ndipo likajifunza kusema uongo kwenye simu.

Kama hakuna kitakachobadilika, rudi. Hujashindwa mtihani. Darasa lisilo na ngazi tutalitafuta, na mimi mwenyewe nitakwenda kwa mwalimu mkuu.

Kuhusu msamaha, sikuombi leo. Ukiwa na hasira, kaa nayo kadiri unavyohitaji, na usiipunguze kwa sababu baba ni mlemavu. Utakuwa na haki ya kutonijibu. Mama yako ukitaka kumwambia, mwambie. Ukitaka nimwambie mimi, nitamwambia akirudi.

Ninalokuomba ni moja. Siku moja huko, iwe asubuhi au katikati ya mazoezi, kidole kikitikisika, hata kama ni kidogo kiasi kwamba muuguzi hakukiona, nipigie. Usingoje mpaka madaktari wathibitishe. Usishushe sauti, usiseme "si kitu kikubwa, baba" ili kunihurumia. Piga kelele kama utakavyopenda. Nitaona wivu, mama yangu, najijua. Wewe niambie tu.

Baba yako,
Hamisi